Tuliposema Hatumjui

Mimi nina mdomo. Hilo nalitanguliza mapema, maana haya yote yalianzia kwenye mdomo wangu, na sitaki mtu amlaumu jirani yangu wala yule dada wa ofisini kabla hajanilaumu mimi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikikasirika naongea kwanza, halafu ndiyo naanza kufikiri. Nilikuwa nambishia sana. Siku hizi simbishii.

Kwetu ni upande wa Ruaruke, kijiji cha mikorosho na minazi, lakini mashamba ya mpunga yako bondeni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Mpunga ukianza kutoa masuke, kijijini hawabaki ila wagonjwa na kuku. Sote tunahamia bondeni na masufuria yetu, tunaishi kwenye madungu, vibanda vilivyojengwa juu ya nguzo ili maji yakija yapite chini na nguruwe akija tumwone. Kazi kubwa huko ni kuamia ndege. Kwenye kila dungu kuna kamba ndefu iliyofungwa makopo, inakwenda mpaka mwisho wa shamba. Ukiivuta makopo yanapiga kelele, ndege wanaruka. Unavuta tangu kunapopambazuka mpaka jua linazama, mkono unakufa ganzi, na ukijisahau kidogo tu kwelea wameshakula jasho lako la miezi mitano.

Mtoto aliletwa na mama yake, binti wa watu aliyekuja kwa kibarua cha kuokota korosho akapanga chumba kwangu. Msichana mwenye haya, hata shikamoo yake ilibidi uiinamie ndipo uisikie. Alisema kwao ni huko milimani, kusini, basi. Mtoto wake wa kike alikuwa na miaka kama minne na shingo ilikuwa haijakaza. Hakai, hasemi, mate yanamtoka, mikono na miguu inajikunja na kujinyoosha yenyewe bila kutumwa. Hospitalini wanasema ni mtindio wa ubongo. Mama yake hakuwa na neno la kuuita. Alikuwa akimwita mtoto "mama" tu, kama tunavyowaita watoto wetu wa kike, wala sikuwahi kumwuliza jina lake hasa. Siku moja akaniambia anakwenda Ikwiriri kununua sabuni, nimshikie mtoto mpaka jioni. Nikamshikia. Korosho zikaisha, mvua zikaja, mpunga ukapandwa, na jioni ile haijafika mpaka leo.

Sikujaaliwa kuzaa. Watu wanadhani mwanamke asiyezaa akipewa mtoto analia kwa furaha. Loo! Wiki ya kwanza nilimtukana mama yake kila nilipofua nepi. Wiki ya pili nikawa namtukana huku namwimbia mtoto. Wiki ya tatu nikampa jina la mama yangu mzazi, na hapo nikajua nimekwisha.

Msimu wa kuhamia bondeni ulipofika nikaona sitaweza. Nitambebaje huyu, nibebe na sufuria, nibebe na jembe? Nikasema basi, mwaka huu mpunga wangu uliwe. Asubuhi ya safari jirani yangu akaingia uani bila hodi. Huyu ni bibi mtu mzima, mjane kama mimi, dungu lake limepakana na langu, na mwaka wa pili huo tulikuwa hatusemezani kwa sababu mbuzi wake alikula kisamvu changu chote nami nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Hakunisalimu. Akamwinamia mtoto, akamtazama, akachukua kanga mgongoni kwangu, akamfunga mgongoni kwake.

"Bibi, utaanguka," nikamwambia.

"Nikianguka utacheka, si ndiyo unachotaka? Beba sufuria twende."

Njiani wanawake wakapokezana. Hakuna aliyepanga zamu, ila kila mmoja alipochoka mwenzake alikuwa ameshageuza mgongo tayari. Tulipofika kwenye maji wakamweka mabegani, na mmoja akaanza utani kwamba huyu ni mwali wetu, maana mwali akitolewa unyagoni hubebwa vivyo hivyo, mguu wake haukanyagi chini. Jina likamkaa. "Mwali kaamkaje?" "Mwali kala?" Hata wanaume waliopita kwenda kutega samaki walisimama chini ya dungu kumwuliza mwali hali. Fundi seremala, mtu mgumu ambaye hajawahi kumfanyia mtu kazi ya bure, alikuja akampima kwa kamba mgongo na mapaja, akaenda zake. Baada ya siku tatu akaleta kiti cha mninga chenye egemeo la kichwa na ukanda wa kifuani. Nikamwuliza nimpe nini. Akasema nimpe nafasi apite.

Ndani ya kiti kile aligundua kamba ya makopo. Naapa, aliigundua mwenyewe. Kamba ilipita karibu na mkono wake, mkono ukaruka kama kawaida yake, makopo yakalia shamba zima, ndege wakaruka kama wingu. Macho yakawafuata. Kisha akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa cha mtu mzima, kimetoka tumboni. Tukamfungia kitambaa laini kwenye kiganja, kamba tukaipitisha hapo, na kuanzia siku hiyo mikono ile isiyotulia ikawa na kazi. Kwelea wa bonde lile walimwogopa yeye kuliko mtu yeyote. Jirani yangu aliacha kuvuta kamba yake, akaja kuifunga pamoja na ya kwetu.

"Wewe unalala," akaniambia. "Mwali anaamia mashamba mawili. Nani mlemavu hapa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kama maisha yangu yana sehemu nzuri, ni ile miezi miwili.

Kilichonipeleka ofisini ni degedege. Lilimshika asubuhi, tukambeba mbiombio mpaka barabarani, pikipiki ikatufikisha hospitali. Akapona. Lakini nesi akashika kalamu akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema mama yake. "Kazaliwa lini?" Nikatazama ukuta. Hakunigombeza. Akanielekeza ofisi ya ustawi wa jamii, nami nikaenda na mtoto mgongoni.

Nilimkuta dada mdogo, amevaa mtandio wa kijani, mguu mmoja anauburuta kidogo anapotembea. Nilipouona ule mguu moyo wangu ukatulia, nikasema huyu atanielewa. Na wallahi alinielewa. Alinipa shikamoo, akampakata mtoto yeye mwenyewe, akamfuta mate kwa mtandio wake. Kisha akaniambia, taratibu, kwamba kisheria mtoto huyu hana mtu. Nikimtaka awe wangu, nitaanza kwa malezi ya kambo, huku wakimtafuta mama yake, na asipopatikana tutakwenda mahakamani kumuasili.

"Lakini nitakuja kwako, mama, na sitakuarifu siku. Na sitakuuliza wewe, nitawauliza majirani. Mtoto kama huyu halelewi na mtu mmoja. Nataka kujua siku ukiumwa wewe, nani atamlisha."

"Na wakisema hakuna?"

"Basi kuna kituo mjini, cha watoto kama yeye."

Hapo ndipo nilipoacha kusikiliza. Aliendelea kusema, akanieleza na mengine, hata akanishika mkono, lakini mimi nilibaki na neno moja tu: kituo. Nilirudi bondeni nimevimba. Sijafika hata dungu la kwanza nilikuwa napiga kelele.

"Wanataka kumchukua mwanangu! Serikali inataka kumchukua! Watakuja kutuvizia, hata siku hawasemi, wawahoji na nyinyi! Thubutu! Waje, watanitambua!"

Watu wakatoka madunguni. Jirani yangu akaniuliza, "Watakuja kutuuliza sisi?"

"Nyinyi ndio wa kwanza!"

Akatikisa kichwa polepole. "Haya," akasema. "Waje."

Nilipaswa kukaa chini, ninywe maji, nieleze vizuri. Niseme: akija dada mwenye mtandio, mwonyesheni mtoto, mwonyesheni kiti, mwonyesheni kamba, mwambieni nani humbeba na nani humlisha. Sikusema. Siku ile kwa hasira, kesho yake kwa sababu ndege walikuwa wengi, na siku zilizofuata kwa haya. Ndiyo, haya. Niliona vibaya kuwaambia watu walionipa kila kitu kwamba sasa naomba na ushahidi wao. Nikasema nitawaambia Ijumaa. Ijumaa ikapita.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja, la sivyo mtu wa mbali ataona sisi ni wajinga. Huku kwetu kutojua ni adabu ya zamani. Akija mgeni na daftari akamwuliza mtu, jibu la kwanza ni "simjui", hata kama anayeulizwa kalala nyuma ya mlango. Unamlinda mwenzako kwanza, mengine baadaye. Kisha ikaja miaka ile ya hofu, ya watu kuchukuliwa usiku, ambayo kila mtu hapa anaijua na hakuna anayeitaja, na kutojua kukawa ndiyo kuishi. Kuna watoto hapa walijifunza kusema "sijui" kabla ya kujifunza "a, e, i". Mimi mwenyewe nimeshawahi kuulizwa jina la mume wangu nikasema silikumbuki.

Dada wa ofisini alikuja siku ambayo nilikwenda Ikwiriri kukoboa mpunga. Gari lake liliishia kijijini, akakuta milango imefungwa, akaelekezwa bondeni, akatembea. Na mguu ule, njia ile, tope lile! Nikikumbuka hilo natamani kulia. Alipita dungu moja hadi jingine na jalada lake kwapani, akiuliza kwa adabu.

Wakamjibu kwa adabu. Mama huyo tunamjua, mwanetu, lakini hana mtoto. Hajajaaliwa. Mtoto mlemavu? Hapa? Hatujamwona. Fundi seremala aliulizwa akasema yeye ni mgeni, amekuja juzi. Mwalimu wa madrasa, mtu ambaye ulimi wake haujui uongo, alitazama chini akasema, "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye." Jirani yangu alikuwa ameshamshusha mwali dunguni, amejilaza naye nyuma ya matita ya mpunga, amemfunika kanga na kumpa kipande cha muwa anyonye ili asipige kelele. Kiti walikigeuza juu chini wakaanikia samaki. Na kamba wakaikata, makopo yasije yakalia yakamfanya mtoto acheke.

Niliporudi nilipokewa kwa vigelegele. Sijui kama nimewahi kupokewa vile hata siku ya harusi yangu. Walikuwa wanasimulia wote kwa pamoja, wanaigizana, huyu anajifanya kiziwi, yule anajifanya mgeni, wanacheka mpaka wanashikana mabega. "Tumewamaliza! Kaondoka mikono mitupu!" Jirani yangu alikuja na mwali mgongoni, uso wake unang'aa. "Si uliapa watakutambua? Mimi wamenitambua kabla yako!"

Nami nilicheka. Ndiyo, nilicheka nao kwanza. Halafu nikauliza, "Alikuwaje huyo aliyekuja?"

"Kidada tu. Kina mtandio wa kijani, kinaburuta mguu."

Niliweka gunia chini. Nikakaa juu ya gunia lenyewe. Wakadhani nimechoka, mmoja akanipa maji. Nikawaeleza, sasa, kwa sauti ndogo, yote ambayo nilipaswa kuwaeleza siku ile kwa sauti kubwa. Kicheko kilikatika dungu baada ya dungu, kadiri habari ilivyopita. Jirani yangu alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani kwangu, akaenda kukaa peke yake shambani.

Keshokutwa yake tulikwenda ofisini watu wa bonde zima, tumejazana kwenye lori la mkaa. Mpunga tuliwaachia ndege. Kila mtu alivaa nguo yake nzuri. Seremala alibeba kile kiti kichwani, bado kinanuka samaki. Dada akatusikiliza wote mpaka mwisho, hakumkata mtu kauli. Kisha akafungua jalada.

"Juzi niliwauliza watu wote hawa," akasema. "Wote wamesema hawamjui. Nimeandika, nimepeleka juu, kama kazi yangu inavyotaka. Leo wote wanamjua. Nikiandika hili la leo, nitaulizwa lile la juzi lilikuwa nini. Niseme nini, wazazi wangu?"

Jirani yangu akapiga magoti. Kikongwe yule, mbele ya mtoto wa kumzaa. "Mwanangu, ilikuwa ni mapenzi. Sisi mtu tukimpenda tunamficha."

Dada alimwinua. Macho yake yalikuwa mekundu. "Naamini, bibi. Lakini mtoto anayefichwa, huko juu wanamsoma kama mtoto aliyeibwa."

Nilitaka kutukana. Mdomo wangu ulikuwa tayari, na maneno ninayo. Nikamtazama yule dada na mguu wake uliojaa malengelenge ya njia yetu, nikakosa wa kumtukana. Hilo ndilo lililonimaliza. Laiti angekuwa mtu mbaya!

Uamuzi ulikuja kabla hatujamaliza kuvuna: mtoto apelekwe kituoni wakati wanachunguza ametoka wapi. Sikuambiwa uchunguzi utachukua muda gani. Gari lilikuja mchana hadi linapoishia, nasi tukamtoa bondeni. Wanawake wakamweka mabegani tena, wakapokezana tena, ila safari hii hakuna aliyemwita mwali na hakuna aliyeimba. Yeye alikuwa anachekea matawi ya mikorosho yanayompita juu ya uso. Kiti hakikuingia ndani ya gari. Seremala alikigeuza hivi, akakigeuza vile, akasema ngoja nikate miguu, akakimbia kutafuta msumeno. Dereva akasema hawezi kungoja.

Nilimweleza mama aliyekuja kumpokea kila kitu nilichokikumbuka. Uji uwe mzito, maji yanampalia. Alalie ubavu wa kushoto. Degedege likitaka kuja anakodoa macho kwanza. Nikampa na kipande cha kamba chenye makopo mawili. Akaniuliza, "Hiki cha nini, mama?" Nikafungua kinywa kueleza habari ya ndege, na kwelea, na mashamba mawili, na mimi huyu mwenye mdomo, sauti haikutoka. Akakiweka kwenye buti.

Msimu mwingine umefika na kupita. Watu wamenitendea wema mpaka unanichosha. Kila jioni mtu ananiletea samaki, kana kwamba nimefiwa. Jirani yangu hajaja tena dunguni kwangu. Nilimfuata mimi, nikamwambia kosa ni langu, akasema anajua. Tukakaa. Kamba zetu ameshazitenganisha, kila mtu anavuta yake. Barua tumeandika, tena ndefu, na mwishoni tukaweka majina na madole gumba ya watu wote, mpaka wino ukaisha. Tulijibiwa kwamba imepokelewa.

Dada wa ofisini amehamishwa. Kabla ya kuondoka alinipa namba ya simu ya kituo. Nilikaa nayo wiki nzima kwa woga, kisha nikapiga. Ikapokewa na mwanamke, sauti ya upole. Nikataja jina la mtoto, lile la mama yangu, na wakati uleule nikakumbuka kwamba kwenye karatasi za ofisini hawakuliandika, waliandika "jina halijulikani". Kwa hiyo huko watakuwa wamempa la kwao.

"Jina hilo hatuna," akasema.

"Ni mtoto wa kike, hasemi, hakai. Anapenda kelele za makopo. Akicheka anacheka kama mtu mzima."

Nyuma yake nilisikia watoto wengi, nikatega sikio. Mmoja alicheka, mbali, sikuweza kujua kama ni yeye.

"Wewe ni nani wake?" akaniuliza.

Safari hii sikusema mama yake. Nilisema ninakotoka, na kwamba huku kuna watu wengi wanamwulizia.

"Samahani, mama," akasema. "Huyo mtoto hatumjui."

Alilisema vizuri, bila haraka, kwa adabu, kama tulivyolisema sisi. Nilishukuru, nikakata simu. Tangu hapo namwomba Mungu jambo moja tu, kwamba yule mwanamke alikuwa anamficha.